Maswali ya Wasomaji: Mwanasayansi Anaangalia Nini Kabla Kibali Hakijatoka?

Toleo lililopita lilieleza kwa kifupi jinsi mkataba wa CITES unavyosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi, na karibu zote ziligusa jambo moja: ushauri wa kisayansi unaotakiwa kabla mzigo haujavuka mpaka. Tumechagua maswali yatakayowafaa wengi na kuyafupisha.

Ndugu Mhariri, nasoma elimu ya viumbe chuoni, mwaka wa pili. Naona kila nchi ina mamlaka mbili za CITES, moja ya usimamizi na nyingine ya sayansi. Kwa nini isiwe moja?

Mkataba ulitiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1975. Ibara yake ya 9 inaitaka kila nchi mwanachama iteue mamlaka zote mbili. Mamlaka ya usimamizi inapokea maombi, inatoa vibali na kuwasiliana na nchi nyingine. Mamlaka ya sayansi inashauri. Lakini ushauri huo una nguvu ya sheria. Kwa spishi za Kiambatisho cha Pili, yaani orodha ya spishi zinazoruhusiwa kuuzwa kwa udhibiti, ambazo ni zaidi ya asilimia 95 ya spishi 40,000 na zaidi zilizoorodheshwa, Ibara ya 4 inasema kibali cha kusafirisha nje hakitolewi mpaka mamlaka ya sayansi iwe imeshauri kwamba usafirishaji huo hautadhuru uhai wa spishi husika. Wanaofanya kazi hii wanaiita tathmini ya kutodhuru. Bila tathmini hiyo, kibali kimetolewa kinyume cha mkataba, hata kama kina muhuri na saini zote.

Kwa Kiambatisho cha Kwanza, orodha ya spishi zilizo hatarini zaidi, nchi inayopokea nayo inatakiwa kupata ushauri wa wanasayansi wake: je, lengo la kuingiza mzigo litadhuru spishi? Na kama mnyama ni hai, je, anayempokea ana mahali panapofaa na uwezo wa kumtunza?

Kuna jukumu jingine ambalo wengi hulisahau. Ibara hiyohiyo ya 4 inaitaka mamlaka ya sayansi iendelee kufuatilia vibali vilivyotolewa na mizigo iliyotoka kweli, kisha iseme pale usafirishaji unapopaswa kupunguzwa ili spishi ibaki kwa wingi unaoiwezesha kutimiza kazi yake katika mazingira, mbali kabisa na hali ya kuhamishiwa Kiambatisho cha Kwanza. Kwa hiyo kazi ya mwanasayansi inaendelea baada ya mzigo kuondoka.

Mamlaka hizi zimetenganishwa kwa sababu ofisi ya vibali inasukumwa na wafanyabiashara, ada na tarehe za meli. Azimio namba 10.3 la nchi wanachama linapendekeza mamlaka ya sayansi iwe huru dhidi ya ile ya usimamizi. Pale ambapo mamlaka ya sayansi ni mtu mmoja mwenye dawati katika ofisi ileile ya vibali, dawa inayofanya kazi ni kamati ndogo yenye watu wa chuo kikuu, makumbusho, na taasisi za uvuvi na misitu. Ushauri wao uandikwe, uwekwe tarehe, na mjumbe mwenye maslahi katika ombi atoke kikaoni.

Mimi ni ofisa mpya katika mamlaka ya sayansi. Nimeletewa ombi la kusafirisha vinyonga hai 2,000 waliokamatwa porini. Sensa haijawahi kufanyika, na mwombaji anataka jibu ndani ya wiki mbili. Naanzia wapi?

Mkataba umeweka sharti la ushauri. Wiki mbili ni za mwombaji. Anza na jina. Linganisha jina la kisayansi lililo kwenye ombi na orodha rasmi iliyopitishwa na nchi wanachama. Majina ya zamani ni hatari, kwani jina moja la miaka ya nyuma linaweza kuwa leo limegawanywa katika spishi kadhaa, na mojawapo inaishi kwenye mlima mmoja tu. Dai picha na mahali hasa pa kukamatia. Ombi linaloandika jina la mkoa pekee lirudishwe.

Pili, hakikisha alama ya asili ya mnyama. W ni wa porini, R ni wa mayai au watoto waliochukuliwa porini wakalelewa, F ni aliyezaliwa kizuizini lakini hajatimiza masharti ya C, na C ni aliyezalishwa kizuizini kwa masharti kamili. Umesema hawa walikamatwa porini, kwa hiyo ni W, na swali lote la madhara linabaki mezani.

Tatu, amua ukubwa wa kazi. Azimio namba 16.7, lililopitishwa Bangkok mwaka 2013, linaeleza kwamba kiasi cha taarifa kinachotakiwa kilingane na udhaifu wa spishi. Vinyonga 20 wa spishi iliyoenea nchi nzima, inayozaa mapema na kuishi hata mashambani, wanaweza kumalizwa kwa ukurasa mmoja na nusu. Vinyonga 2,000 wa msitu mmoja wa milimani wanadai kazi kamili. Maofisa wengi hutumia nguvu ileile kwa maombi yote, wakachoka kwenye yale mepesi na kupitisha mazito kwa haraka.

Kwa kazi kamili kusanya mambo manne: maisha ya mnyama mwenyewe (umri wa kuzaa kwa mara ya kwanza, idadi ya mayai, miaka anayoishi), eneo analoishi kweli, uvunaji wote unaofanyika, wa halali na wa magendo, wa nje na wa ndani, na usimamizi uliopo, yaani nani anakamata, wapi, na nani anahesabu. Historia ya biashara utaipata katika hifadhidata ya CITES inayotunzwa na UNEP-WCMC, kituo cha Umoja wa Mataifa cha takwimu za uhifadhi, Cambridge. Linganisha ulichosema umesafirisha na kile nchi nyingine zilichosema zimepokea. Tofauti kubwa inaweza kuwa tu nchi moja kuripoti vibali na nyingine kuripoti mizigo halisi, lakini inaweza pia kuwa dalili ya vibali bandia. Ichunguze kabla hujasonga mbele.

Kuhesabu hakuhitaji fedha nyingi kama watu wanavyodhani. Vinyonga huhesabiwa usiku kwa tochi, kwa sababu wakilala kwenye matawi huonekana weupe. Chora mistari ya kutembea kwa bahati nasibu ndani ya msitu, wala usifuate njia za watu peke yake. Kila unapomwona mmoja, pima umbali wake kutoka kwenye mstari kwa pembe mraba. Ukipata walau vinyonga 60 hadi 80 kwa namna hiyo, unaweza kukadiria ni wangapi macho yako yaliwakosa, na hapo ndipo msongamano kwa kilomita ya mraba unapopatikana.

Tuchukue tarakimu za kufundishia. Ramani ya zamani inaonyesha eneo la kilomita za mraba 1,200. Msitu unaofaa ni kilomita 300, na uliofunguliwa kwa ukamataji ni kilomita 100. Makadirio ya kati ni vinyonga wazima 40 kwa kilomita ya mraba, mpaka wa chini wa makadirio ni 25. Mtu wa haraka atazidisha 1,200 kwa 40, apate 48,000, achukue asilimia 10 na kutoa kwota, yaani idadi inayoruhusiwa kwa mwaka, ya 4,800. Ukifanya kwa tahadhari utatumia 100 mara 25, yaani 2,500.

Kisha tumia kanuni iliyobuniwa Marekani kwa mamalia wa baharini, ambayo inafaa pia pale penye taarifa chache: idadi ya chini, mara nusu ya kasi ya juu ya ongezeko la spishi, mara kigezo cha tahadhari kati ya 0.1 na 1. Tuseme kasi ya juu ni 0.3 kwa mwaka na tahadhari ni 0.5. Unapata 2,500 × 0.15 × 0.5, kama vinyonga 187. Hao ni wote wanaoweza kuondolewa na binadamu kwa mwaka, kwa sababu yoyote. Toa 20 wanaouawa au kuuzwa ndani ya nchi na 30 wa magendo, wanabaki 137. Kama robo yao hufa kati ya tawi la mti na uwanja wa ndege, watakaofika kwenye ndege ni 102. Tofauti ya 102 na 4,800 ni mara 47, na msitu ni uleule.

Hapo kwenye vifo ndipo kwota nyingi zinapoharibika. Mzigo huhesabiwa bandarini, wakati madhara hutokea porini. Kwota ya 102 bila kikomo cha ukamataji inamruhusu mkamataji akamate 300, achague walio wazuri na kutupa wengine. Andika vikomo vyote viwili, cha kukamata na cha kusafirisha, na udai daftari la wakamataji linaloonyesha tarehe, mahali, jinsia na waliokufa. Kama soko linataka madume wenye pembe tu, weka kikomo cha jinsia. Usiruhusu majike wenye mayai.

Kwa ombi hili, jibu letu ni kwamba 2,000 hawawezi kuidhinishwa. Andika sababu, taja taarifa zinazokosekana, na kama hali inaruhusu toa kiasi kidogo cha majaribio kwa eneo moja linalohesabiwa kabla na baada ya msimu. Kwota iwe ya mwaka wa kalenda, na tathmini iwe na tarehe ya kwisha. Tathmini ya miaka 8 iliyopita inayoambatishwa kwa kila ombi jipya haisemi lolote kuhusu msitu wa leo.

Nafanya kazi ya misitu. Kwa miti tunatumia kipenyo cha chini cha kukata. Je, hicho hakitoshi kuwa tathmini?

Peke yake hakitoshi. Kipenyo cha chini kinasema mti upi uangushwe, lakini hakisemi kama mwingine utashika nafasi yake kabla wakataji hawajarudi. Huko Afrika ya Kati, kwa Pericopsis elata, mti wa mbao ulioingia Kiambatisho cha Pili mwaka 1992, hesabu inayotumika ni kiwango cha kurudi: idadi ya miti itakayofikia kipenyo cha kukata wakati wa mzunguko ujao, ikigawanywa kwa idadi ya miti inayokatwa leo.

Mfano. Kipenyo cha kukata ni sentimita 60, mti hunenepa milimita 4 kwa mwaka, na mzunguko, yaani muda kati ya ukataji mmoja na mwingine, ni miaka 30. Katika miaka 30 mti utaongeza sentimita 12, kwa hiyo warithi ni miti ya sentimita 48 hadi 60. Tuseme sensa imeonyesha miti 40 ya kukatwa na warithi 25. Punguza asilimia 7 ya warithi watakaovunjwa na magogo yanayoanguka na barabara za kuvutia, kisha asilimia 1 kwa mwaka ya vifo vya kawaida kwa miaka 30. Wanabaki kama 17. Gawanya kwa 40: asilimia 43. Mara nyingi nusu huchukuliwa kuwa mpaka wa chini, kwa hiyo hapa jibu ni hapana.

Sasa pandisha kipenyo hadi sentimita 70. Tuseme miti ya kukatwa inabaki 22, na warithi wa sentimita 58 hadi 70 ni 22 pia. Baada ya makato yaleyale wanabaki kama 15, yaani asilimia 69. Msitu uleule umepata jibu tofauti, na miti 18 ya kati imeachwa kama wazazi wa mbegu. Hii ndiyo kazi hasa ya ushauri wa kisayansi, kutafuta sharti linalofanya uvunaji uvumilike pale linapopatikana.

Makosa matatu hurudi tena na tena. La kwanza ni kasi ya ukuaji iliyoazimwa kutoka msitu mwingine wenye mvua nyingi zaidi. Pima miti yenu wenyewe, hata kama ni kwa mikanda ya chuma kwenye mashina, ukirudi baada ya miaka michache. La pili ni kuchanganya mbao na magogo. Kama kiwanda kinatoa mita za ujazo 0.35 za mbao kwa kila mita 1 ya gogo, mbao mita 100 zimetoka kwenye magogo mita 286, na kwota isiyotaja kipimo chake humeza msitu karibu mara tatu ya ilivyokusudiwa. La tatu ni kuhesabu warithi bila kutazama miche. Spishi inayohitaji mwanga mwingi inaweza kuwa na miti minene mizuri na isiwe na mche hata mmoja chini yake.

Kwa magome kipimo hubadilika. Prunus africana, iliyomo Kiambatisho cha Pili tangu 1995, huvunwa gome la dawa ya tezi dume. Mti hupona ukibanduliwa kwa uangalifu vipande viwili vinavyoelekeana, huku robo mbili za mzingo zikiachwa zimefunikwa. Ukivuliwa mzunguko mzima hufa. Hapo mamlaka ya sayansi hukagua makovu kwenye mashina, ikihesabu miti mingapi kati ya 100 ina taji lililokauka, kabla ya kutazama tani.

Na wanaouliza kuhusu mpingo, mmojawapo wa miti ya Dalbergia: tangu mkutano wa Johannesburg wa 2016, jenasi nzima ya Dalbergia imo Kiambatisho cha Pili, isipokuwa spishi ya Brazil, Dalbergia nigra, ambayo tayari ilikuwa Kiambatisho cha Kwanza. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa kwenye sharti la kibali kwa spishi za Kiambatisho cha Pili, na pia bidhaa zilizokamilika zenye hadi kilo 10 za mbao hizo kwa mzigo mmoja. Magogo, mbao na vipande vya kuchongea ala bado vinahitaji kibali, pamoja na tathmini.

Mimi ni mvuvi. Papa wenye kichwa cha nyundo wanaingia nyavuni kama zamani, lakini tumeambiwa mapezi hayatapewa kibali. Wanasayansi wanajuaje kuliko sisi tulio majini?

Ndugu yetu, unachokiona ni kweli na kinahitajika, ila kinapimwa kwa namna nyingine. Samaki wanaokusanyika sehemu moja huendelea kuonekana wengi hata jumla yao inapopungua, kwa sababu wachache waliobaki bado wanarudi palepale ambapo wavuvi wanapajua. Boti nayo imepata injini kubwa, kifaa cha kuonyesha mahali na nyavu ndefu zaidi. Ukivua kilo zilezile kwa saa mara mbili, idadi imeshuka. Ndiyo maana mwanasayansi anauliza kilo kwa kila saa au kwa kila ndoano 1,000, na urefu wa samaki. Urefu ukipungua mwaka hadi mwaka, mama wakubwa wamekwisha kuvuliwa. Papa hawa huchelewa kuzaa na huzaa wachache kuliko samaki wanaotaga mayai kwa maelfu.

Waliingia Kiambatisho cha Pili kwa uamuzi wa mwaka 2013. Shida yao nyingine ni kwamba kundi moja huvuliwa na nchi kadhaa, kwa hiyo tathmini ya nchi moja inayotazama boti zake tu haijakamilika. Na pezi likishakatwa, uzito wake hausemi papa alikuwa mkubwa kiasi gani mpaka ijulikane limekatwaje, likiwa bichi au kavu. Mnachoweza kufanya: shusheni papa akiwa na mapezi yake, pimeni urefu, andikeni jinsia (dume ana vishikizo viwili tumboni karibu na mkia), na mpeleke daftari kwa taasisi ya uvuvi. Kwota nyingi za sifuri zimewekwa kwa sababu daftari la namna hiyo halikuwepo.

Kipimo rahisi kinaweza pia kusaidia. Kwa farasi bahari, ambao wote walianza kusimamiwa mwaka 2004, Kamati ya Wanyama ya CITES ilipendekeza urefu wa chini wa sentimita 10, ili wengi wapate kuzaa kabla ya kuvuliwa. Mkaguzi anahitaji rula tu.

Nafuga kobe. Nimenyimwa alama ya C ingawa wote wamezaliwa kwangu. Kwa nini?

Kuzaliwa kizuizini ni sharti moja tu. Azimio namba 10.16 linataka wazazi wa mwanzo wawe wamepatikana kihalali na bila kudhuru idadi ya porini, banda lidumishwe bila kuongezewa wanyama wa porini isipokuwa wachache wa kuzuia kuzaliana kwa ndugu, na liwe limezalisha kizazi cha pili au linaendeshwa kwa njia iliyothibitika kukizalisha. Watoto wa wazazi waliokamatwa porini, bila hayo mengine, ni F.

Halafu mkaguzi hufanya hesabu ya uwezekano, nawe uifanye kabla yake. Kobe-chapati, Malacochersus tornieri, kwa kawaida hutaga yai moja kwa mara moja. Tuseme una majike 20, kila mmoja hutaga mara 3 kwa mwaka: mayai 60. Asilimia 60 yakianguliwa ni 36, na wakifa mmoja kati ya watano wanabaki 29. Ombi la kusafirisha 300 kutoka banda hilo linasema jambo moja tu, kwamba 271 wametoka mwambani, yaani porini. Spishi hii ilipandishwa hadi Kiambatisho cha Kwanza mwaka 2019, na sasa anayeizalisha kwa biashara ya kimataifa lazima banda lake lisajiliwe na Sekretarieti ya CITES, Geneva.

Weka rejista ya kila jike, tarehe ya yai, tarehe ya kuanguliwa, na vifo. Hifadhi maganda ya mayai na mizoga kwenye friza, kwani vinasaba vinaweza kuthibitisha nani mzazi wa nani. Kobe wa porini wana magamba yaliyolika na makovu, na mara nyingi umri mchanganyiko. Watoto wa bandani huwa na ukubwa unaolingana. Wakaguzi wanalijua hilo.

Nani anaamua spishi ipande au ishuke kiambatisho? Ni kura ya kisiasa tu?

Ni kura, theluthi mbili ya nchi zilizopo na zinazopiga kura, lakini inatanguliwa na hoja za kisayansi. Vigezo viko katika Azimio namba 9.24, lililopitishwa mara ya kwanza mwaka 1994. Kwa Kiambatisho cha Kwanza hutazamwa idadi ndogo, eneo dogo la makazi, au kushuka sana kwa idadi. Mwongozo wake unataja chini ya 5,000 kama mfano wa idadi ndogo, na kushuka kwa asilimia 50 au zaidi ndani ya miaka 10 au vizazi 3, muda ulio mrefu zaidi, kama kushuka kukubwa kwa karibuni. Tarakimu hizo ni mwongozo, na azimio lenyewe linaonya kwamba haziwezi kufaa kila kiumbe. Kwa samaki, jopo la wataalamu wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hutoa maoni kabla ya mkutano. Uamuzi huanza kutumika baada ya siku 90, na ndani ya siku hizo nchi inaweza kutangaza kwamba haitafungwa nao.

Spishi inaweza pia kuingia Kiambatisho cha Pili kwa kufanana tu na nyingine iliyo hatarini. Ofisa wa forodha akishindwa kuzitofautisha, zote husimamiwa.

Nchi ikitoa vibali hovyo, nani anaizuia?

Kuna utaratibu uitwao Mapitio ya Biashara Kubwa, chini ya Azimio namba 12.8. Kamati ya Wanyama na ile ya Mimea hupitia takwimu za biashara na kuchagua spishi fulani katika nchi fulani. Sekretarieti huiandikia nchi hiyo na kuuliza: tathmini yenu iko wapi, kwota mliipataje? Jibu likiridhisha, nchi huondolewa kwenye mapitio. Lisiporidhisha, ripoti huandaliwa na kesi hupangwa katika makundi matatu: hatua zinahitajika, hali haijulikani, au wasiwasi ni mdogo. Kamati hutoa mapendekezo yenye tarehe, mathalani kupunguza kwota au kufanya utafiti. Yasipotekelezwa, Kamati ya Kudumu inaweza kuzitaka nchi zote wanachama zisipokee spishi hiyo kutoka nchi hiyo.

Mfano ni konokono mkubwa wa bahari ya Karibi, Strombus gigas. Mwaka 2003 biashara yake kutoka Honduras, Haiti na Jamhuri ya Dominika ilisimamishwa. Honduras baadaye ilirudi sokoni kwa kwota iliyofungamana na utafiti. Kwa maoni yetu utaratibu huu ndio wenye meno kuliko yote katika mkataba, kwa kuwa mnunuzi mwenyewe anafunga mlango. Udhaifu wake ni muda. Huchukua miaka, na katika miaka hiyo kobe anayekomaa polepole anaweza kuwa amekwisha pwani nzima.

Msafiri anauliza: vitu vidogo vya mkononi navyo vinahitaji haya yote?

Kwa vitu binafsi vya Kiambatisho cha Pili vilivyokufa upo unafuu: kaviari hadi gramu 125, farasi bahari hadi 4, magamba ya Strombus gigas hadi 3, bidhaa za mamba hadi 4 kwa mtu. Lakini nchi inaweza kuwa na sheria kali zaidi, na wanyama au mimea hai haimo kwenye unafuu huu. Uliza kabla ya kununua.

Mamlaka ya sayansi ikisema hapana, ndiyo mwisho? Sisi ni kikundi cha wavunaji na tungependa kujua njia ya kurudi.

Hapana inadumu kadiri sababu zake zinavyodumu. Umoja wa Ulaya haujaruhusu mkunga wa Ulaya, Anguilla anguilla, kutoka wala kuingia tangu Desemba 2010, kwa sababu wanasayansi wake hawakuweza kusema kwamba biashara hiyo haitadhuru, na hali ya mkunga haijawapa sababu ya kusema vinginevyo. Kwa upande mwingine, vikunya, wanyama wa sufu wa milima ya Andes waliokuwa wamebaki takriban 10,000 katika miaka ya 1960 wanauzwa sufu yao leo kihalali, kwa sharti kwamba mnyama anakatwa sufu akiwa hai na kuachiwa.

Ombeni kwanza nakala ya tathmini iliyokataa. Itafuteni sababu moja iliyobeba uamuzi: ni idadi isiyojulikana, vifo vingi, magendo, au makazi kupungua? Kila moja ina kazi yake. Idadi isiyojulikana hutatuliwa kwa mistari ya kuhesabia ileile, msimu uleule, miaka 2 au 3 mfululizo. Vifo hutatuliwa kwa kubadili mitego na masanduku, kisha kuonyesha daftari la kabla na baada. Magendo yanahitaji wavunaji wenye vitambulisho na maeneo yaliyogawanywa, ili anayeharibu ajulikane. Makazi yakiwa ndiyo tatizo, kupunguza kwota pekee hakutasaidia, na ombi lisirudishwe mpaka eneo lisilovunwa limetengwa.

Pelekeni ombi jipya la sehemu moja tu, lenye kiasi kidogo, na mwandike ndani yake kipimo ambacho kikishuka mtasimama wenyewe bila kuambiwa: kwa mfano, msongamano ukipungua kwa robo kati ya sensa mbili, uvunaji unafungwa msimu unaofuata. Sharti hilo humpa mwanasayansi kitu cha kukagua, na kibali kinachofuata kitategemea daftari lenu la msimu huo.